Aliyepiga Mwano

Kila jioni swali lilikuwa lile lile, na kila jioni Mektilda alilijibu kwa uongo ule ule, mpaka uongo wenyewe ukaanza kumchosha kuliko ndoo za maji.

"Leo mjukuu wangu kanichezaje?" mama yake angeuliza, akiwa ameketi nje juu ya ngozi ya ng'ombe, uso ameuelekeza kule anakosikia hatua. Macho yalikuwa yamekwisha kufa, lakini masikio, weee! Masikio ya Milembe yalikuwa yanasikia mpaka mbuzi wa jirani akicheua.

"Kacheza vizuri, mama."

"Kavaa nini?"

"Kaniki."

Hapo angalau alisema kweli. Kaniki ilivaliwa. Ila aliyeivaa hakuwa Gloria.

Jamani! Mwanamke wa miaka karibu hamsini, mwalimu wa shule ya msingi hapo Dutwa, mtu wa kanisani kila Jumapili, kugeuka mwongo wa jioni kwa ajili ya filamu! Yeye mwenyewe alijishangaa. Lakini akishajishangaa alikuwa anainama kupuliza moto, kwa sababu michembe ya viazi haijichemshi na daftari za watoto hazijisahihishi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Mektilda, alikuwa amechoka. Mume alikwisha kufa, mshahara ulikuja ukitaka, na pamba yake ya msimu uliopita ilikuwa imelala ndani ya nyumba ikimwangalia.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika ulikuwa umelala chali. Ghala lake kubwa pale Dutwa lilibaki na popo na mizani yenye kutu, na pamba ikawa inanunuliwa na watu binafsi wenye malori, wanaokuja wakipenda, na wasipokuja huna pa kuwashitaki. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Huko Dar es Salaam hata televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeanza, kwa hiyo kila kijana aliyewahi kushika kamera akawa mtengeneza filamu.

Mmoja wao alikuwa Dastan. Na tusimsingizie kwamba alikuwa mtu wa kuja, maana alizaliwa Ipililo, kule Maswa, akachunga ng'ombe kama wenzake. Alikwenda Ulaya kusomea filamu, akarudi na wafadhili, miwani, na wazo moja lililomnyima usingizi. Alitaka kutengeneza filamu ya mwanamke mwanamapinduzi wa Usukumani. Mwanamapinduzi huyo alikuwa mama yake Mektilda.

"Mwana nini?" Milembe aliuliza siku ya kwanza.

"Mwanamapinduzi, bibi. Mtu aliyepindua mambo."

"Mimi sikupindua kitu, mjukuu wangu. Mimi nilipiga mwano tu."

Asiyeujua mwano aelezwe, maana bila huo hakuna hadithi. Mwano ni yowe la hatari. Hutoka tumboni, ukapanda, ukakatika kule juu, ukapanda tena. Ukiusikia, uwe unakula, uwe unanyonyesha, uwe na ugomvi na huyo anayeupiga, unatoka mbio. Aliyeupiga yeye hakimbii. Hubaki pale pale alipo, ili watu wamkute, na wa kwanza kufika humuuliza, "Kuna nini? Tumekuja." Anayeupiga kwa mchezo anatozwa. Anayeusikia akakaa anatengwa, hapewi moto wala maji. Na anayefika wenzake wamekwisha kupigana hukutana na kamanda wa sungusungu, naye humuuliza swali moja tu, mbele ya watu wote: "Nani alikuchelewesha?" Hapo mtu mzima na ndevu zake hutamani ardhi ipasuke. Utamtaja mkeo? Utamtaja pombe?

Basi, enzi za Mwingereza, ilipotoka amri ya kupunguza ng'ombe, akaja bwana mmoja na askari wake hapo Dutwa kuchukua mifugo kwa nguvu. Wanaume walikuwa wameitwa mbali kwenye mkutano, kwa makusudi. Milembe alikuwa mama mwenye mtoto wa kike wa kumshika mkono, na mtoto huyo ndiye Mektilda. Milembe akasimama katikati ya njia ya ng'ombe akapiga mwano. Wanawake wakatoka mashambani na majembe yao. Wakalikalia lango la zizi, wakakataa kuondoka hata walipopigwa. Usiku huo walipotafutwa, aliyewaficha ni mama mmoja Mwislamu wa dukani, aliyewafungia ndani ya stoo ya vitambaa akakaa mlangoni anauza chumvi kama kawaida. Ng'ombe hawakuchukuliwa. Milembe baadaye alikamatwa akafungwa, akatoka, akarudi kulima pamba. Hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja.

Ndiyo maana Dastan alipokuja, nyumba nzima ilifurahi. Hasa Gloria, binti wa Mektilda. Gloria alikuwa ametolewa kwenye mbavu za bibi yake, mweusi wa kung'aa, mabega mapana, mwanya katikati ya meno, mikono ya kushika mpini. Hata sauti ilikuwa ile ile. Wazee wakimsikia anaita kuku walikuwa wanacheka, wanasema Milembe karudi ujanani. Dastan alipomwona akiingia na mzigo wa kuni kichwani, alivua miwani.

"Huyu hapa," alisema. "Nimeshampata Milembe wangu. Sitafuti tena."

Alisema hivyo mbele ya Milembe mwenyewe. Bibi akanyoosha mkono, akampapasa mjukuu wake uso, akasema, "Basi nitaonekana. Mimi sitajiona, lakini nitaonekana." Tangu siku ile Gloria akawa anatembea amenyooka. Alikuwa anakwenda kukaa na bibi yake saa nzima, anamuuliza alisimamaje, mkono wa kushoto ulikuwa wapi, alilia au hakulia.

Kumbe bado.

Dastan aliporudi na magari yake, baada ya mavuno, alishuka na msichana kutoka Dar es Salaam anayeitwa Yasmini. Mrembo kwelikweli, tusimnyime haki yake. Mweupe, mwembamba, shingo ndefu, alikuwa amekwisha kuonekana kwenye matangazo ya sabuni. Gloria alimkaribisha maji ya kunywa bila kujua anamkaribisha nani.

Dastan alimwendea Mektilda shuleni, akasimama mlangoni pa darasa akikunjakunja kofia, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

"Mayu, nielewe. Si mimi. Wafadhili wametazama picha za Gloria nilizowapelekea. Wanasema watu wa mijini wanataka sura wanayoijua. Halafu kamera nayo ina shida, weusi ule inaumeza, taa zangu hazitoshi."

Bimdogo alikuwepo. Huyu ni mwenye duka pale senta, mke wa Mustapha, rafiki wa Mektilda wa kufa na kuzikana, na yule mama aliyeuza chumvi mlangoni usiku ule alikuwa mkwe wake. Alikuwa ameleta chaki alizoombwa.

"Kwani kamera yako ilitengenezewa kupiga nani?" Bimdogo akauliza.

Dastan akajifanya hakusikia. "Na Yasmini tutampaka rangi, mayu. Rangi ni kitu cha kupaka tu."

"Na mkwe wangu je? Mmempaka rangi gani?"

Hapo kijana akaangalia chini. Mkwe wa Bimdogo alikuwa ameondolewa. Wafadhili walisema mwanamke wa pili anachanganya hadithi, shujaa awe mmoja. Lakini filamu ilihitaji mwenye duka mlafi, anayewachongea wanawake kwa Mwingereza, na tayari walikuwa wamemwomba Mustapha avae kanzu acheze.

"Alaa!" Bimdogo akapiga makofi. "Aliyewaficha katolewa, na mwanawe anaingizwa kuwauza! Mtoto, wewe kwenu hawakukufundisha aibu? Kweli asiyekuwepo na lake halipo."

Alimgeukia Mektilda, akingoja naye aseme. Na Mektilda alikuwa na maneno mengi. Lakini darasani watoto walikuwa wanapiga kelele, jua lilikuwa linaunguza bati, na akajiona jinsi atakavyobishana na kijana huyu leo, kesho abishane na wafadhili asiowajua, na mwisho waende kupiga picha yao kijiji kingine.

"Sawa, Dastan," alisema. "Mmeshaamua."

Bimdogo akaziweka chaki mezani, akaondoka bila kuaga.

Mtu wa kuambiwa alibaki Milembe. Na hapo ndipo Mektilda alipokosea, na alijua anakosea. Alijisemea kwamba mama ni mzee, moyo wake hautastahimili. Uongo mtupu. Moyo wa Milembe ulikuwa na nguvu kuliko wa trekta. Ukweli ni kwamba angeambiwa asingenyamaza. Angedai fimbo yake, angetaka kupelekwa mbele ya kamera ile ile, angesema mbele za watu, na wa kumshika mkono angekuwa Mektilda, wa kusimama jua kali angekuwa Mektilda, wa kuomba radhi baadaye angekuwa Mektilda. Hakuwa na nguvu za vita. Akamvuta Gloria nyuma ya jiko.

"Usimwambie bibi yako."

"Nisimwambie nini, mama? Kwamba mimi si mimi?"

"Mwache afurahi. Ana siku ngapi?"

Gloria alikuwa amevimba macho. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ile ile ambayo Mektilda alimwambia nayo Dastan. Mektilda aliisikia, ikamchoma, akaendelea kuosha sufuria.

Basi wakapiga picha. Yasmini alipakwa mafuta yenye masizi, na jua la Dutwa halina adabu, kila akisimama kidogo masizi yanatiririka shingoni. Wanawake wa kijiji waliokodishwa kukaa nyuma yake na majembe walicheka mpaka wakaketi chini. Naye hakuwa msichana mbaya. Alikuwa anawasalimia watu, anauliza wanavyosema hiki na kile, na siku moja alimwendea Gloria akamwambia, "Dada, najua hapa si pangu. Na mimi wameniambia nikikataa wako wengine." Gloria akampa kitambaa ajifute.

Tatizo lilikuja siku ya mwano. Yasmini alisimama katikati ya njia ya ng'ombe, akafumba macho, akapiga. Lo! Ilikuwa kelele ya mtu aliyeona panya. Akarudia. Akarudia tena mpaka sauti ikakauka. Wanawake wa majembe, hakuna aliyeinua hata unyayo. Dastan akatupa kofia chini. Alikuwa Msukuma, masikio yake yalijua.

Akamwendea Gloria. Hakujikuna wala kuzungukazunguka.

"Nipe sauti yako. Tutaiweka mdomoni mwake."

Mektilda alikuwa hapo hapo, shule ilikuwa imefungwa. Alimwona mwanawe akimwangalia, anataka mama aseme kitu, ndiyo au hapana, chochote. Mektilda akarekebisha khanga yake.

"Ni wewe tu, mwanangu," alisema.

"Haya," Gloria akasema. "Angalau kitu changu kiwemo."

Lakini mwano haupigwi hivi hivi. Dastan alikwenda kwanza kwa Mhoja, kamanda wa sungusungu, naye Mhoja akatuma watu kila kitongoji kutangaza kwamba kesho asubuhi mtasikia mwano, ni wa picha, msije. Tangazo likafika kila nyumba. Ila siku hiyo ilikuwa ya mnada, na wanaume wengi walikuwa wamelala huko huko na ng'ombe wao. Hao hakuna aliyewakumbuka, hata Mhoja mwenyewe.

Asubuhi ikafika. Yasmini akasimama njiani na masizi yake, tayari kufungua mdomo. Pembeni, hatua kadhaa, akasimama Gloria na gauni lake la nyumbani, kinasa sauti mbele yake. Gloria akashika kiuno, akavuta pumzi, akaupiga.

Mektilda alijikuta amesimama. Alikuwa mtoto tena, ameshikwa mkono, vumbi la askari linakuja. Wanawake wa majembe, waliojua kabisa kwamba ni mchezo, walikimbia. Machozi yaliwatoka wanakimbia. Na kabla hawajatulia, ng'ambo ya korongo vumbi likapanda. Wanaume wa mnada wanakuja mbio na fimbo zao, ng'ombe wameachwa kokote. Wakampita Dastan. Wakampita Yasmini aliyesimama katikati ya njia mdomo wazi, hawakumwona hata kidogo. Wakaenda moja kwa moja kwa Gloria, wakamzunguka, wanahema.

"Kuna nini? Tumekuja!"

Gloria alitazama nyuso zile zote, kila moja imemgeukia yeye.

"Hakuna kitu, baba zangu," alisema. "Ni picha."

Walimkaripia, wakamtukana Dastan, wakasonya. Mhoja alikaa barazani jioni ile ile, akamtoza Dastan ng'ombe, na ng'ombe akaliwa. Ila Gloria siku hiyo alirudi nyumbani anang'aa. Alimkuta Milembe mlangoni, amesimama, fimbo mkononi.

"Nimesikia," alisema bibi, na mashavu yalikuwa yamelowa. "Nilisema ni mimi. Nilijiuliza mbona nipo huku na napiga kule! Mwanangu, kumbe Mektilda alikuwa anasema kweli. Unanicheza."

Gloria akamwangalia mama yake. Mektilda akaingia ndani kutafuta chumvi. Hakuitafuta, alisimama tu gizani kwenye stoo mpaka aliposikia wamebadilisha mazungumzo.

Magari yakaondoka. Mvua zikaja, pamba ikapandwa, ikapaliliwa, ikachumwa, na wenye malori wakachelewa tena. Ndipo Dastan alipoleta filamu yake, kama alivyoahidi, ionekane Dutwa kwanza. Alichagua ghala la ushirika. Popo walifukuzwa, madirisha yakazibwa kwa magunia ya pamba ili mchana uwe giza, shuka kubwa jeupe likatundikwa ukutani, na jenereta ikawekwa nje.

Gloria alimpakia bibi yake kwenye karia ya baiskeli akaikokota taratibu, Mektilda akifuata nyuma. Milembe alikuwa amevaa kitenge kipya, na kila aliyepishana nao alimwambia, "Mwadila! Nakwenda kujisikia." Mlangoni walimpokea kwa vigelegele. Viti vya mbele viliwekwa vitambaa.

"Nendeni, mama," Gloria akasema. "Mimi nitakaa huku nyuma, kwenye mizani."

"Njoo ukae na bibi yako."

"Nitakaa nyuma."

Alikaa juu ya bamba la ile mizani kubwa ya pamba karibu na mlango, mikono magotini. Bimdogo alikuwa amesimama karibu naye, amekunja uso tangu nyumbani kwake.

Dastan akatoa hotuba, akamtaja Milembe mama wa taifa hili la wanyonge, watu wakapiga makofi. Taa zikazimwa.

Uso wa Yasmini ukajaa shuka zima. Na kwa haki, alipendeza. Masizi huko Dar es Salaam walikuwa wameyasafisha, sijui kwa mashine gani, akabaki na rangi ya asali. Akaanza kuhutubia, kwa Kiswahili laini cha pwani, eti enyi wanawake wenzangu, hatima yetu i mikononi mwetu.

"Nani huyo?" Milembe akanong'ona.

"Ni... ni mwanzo, mama."

"Anaongea kama karani. Gloria ataingia lini?"

"Subiri kidogo."

Wakasubiri. Mustapha akatokea na kanzu yake akiwachongea watu, ukumbi ukacheka, na kule nyuma Bimdogo akasonya sonyo refu lililosikika mpaka mbele. Yasmini akaongea tena. Akaimba. Akalia vizuri sana, chozi moja.

"Mektilda," bibi akasema. "Huyu mtoto kaongea kutwa. Gloria wangu yuko wapi humo?"

Mektilda hakuweza kusema subiri tena. Alimshika mama yake mkono, na alichokifanya ni kuomba tu kwamba mwano ufike upesi, umwokoe.

Ukafika. Kutoka kwenye spika mbili za Dastan, mkubwa kuliko ulivyokuwa siku ile, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena, na mabati ya ghala yakatetemeka. Watu wote wakasimama. Hawakuamua, miguu yao ndiyo iliyoamua. Viti vikaanguka. Wakasogea mbele, wakabanana, wakalielekea shuka, na pale kwenye shuka alikuwa Yasmini, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama. Watu walilia. Vijana wakaanza kuita, "Yasmini! Yasmini!" Na hata wale wanaume wa mnada walikuwemo, Mektilda aliwaona kwa macho yake, wamenyoosha shingo kwenye shuka kama wengine.

Milembe naye alikuwa amesimama.

"Aliyepiga yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama. Kwenye mizani."

"Mbona basi watu wanakwenda mbele?"

Mektilda akamshikisha mama yake fimbo.

"Nipeleke," Milembe akasema.

Wakaanza kurudi nyuma, mama na mwana, dhidi ya watu wote. Mabega yaliwagonga. Mtu mmoja aliwaambia wainame, wanaziba. Milembe alisogeza watu kwa fimbo, bila kuomba radhi, na Mektilda, ambaye maisha yake yote alikuwa wa kuomba radhi, safari hii hakumwomba mtu. Wakafika.

Gloria hakuwa amesimama. Katika ghala zima ni yeye peke yake aliyekuwa ameketi, pale pale alipokuwa, uso umelowa. Aliyepiga mwano hakimbii. Alikuwa anangoja. Bimdogo alikuwa amemwekea mkono begani.

Milembe akampapasa uso, akafika kwenye mashavu, akasimama hapo.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza, kama sheria inavyotaka. "Tumekuja."

"Mmechelewa, bibi," Gloria akasema.

Kule mbele Yasmini alikuwa ameanza kuhutubia tena, na watu walikuwa wanampigia makofi. Milembe akageuza sikio lake upande ule, akasikiliza sentensi mbili tatu.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye, bibi."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu siku walipokuja na magari."

Mektilda alimjua mama yake, alijua anahesabu zile jioni zote, kacheza vizuri, mama, kavaa kaniki, mama. Alikuwa bado ameushika mkono wake. Milembe hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana alikuwa na uso wa mtu anayepanga afanye nini na haoni tena cha kufanya.

"Ningesimama katikati ya njia yao," Milembe akasema polepole. "Na kamera yao. Miguu nilikuwa nayo."

"Najua, mama."

"Mektilda." Sasa alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya barazani, na waliokuwa karibu wakageuka. "Nani alinichelewesha?"

Mektilda alifungua mdomo kusema amechoka. Alitaka kusema mume amekufa, pamba imelala ndani, watoto wako sabini darasani, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye kuna nini. Vyote vilikuwa kweli. Lakini swali lile halijibiwi hivyo, hata watoto wa Dutwa wanajua.

"Mimi, mama," alisema.

Milembe akautoa mkono wake kwenye mkono wa Mektilda, akapapasa bamba la mizani mpaka akapata nafasi, akaketi karibu na mjukuu wake.